Baba Yake Bibi Hakufika Burma

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kubishia mahali alipofia baba yake Bibi. Alifia Burma (Myanmar ya leo), au Bama kama wazee wanavyotamka, akipigana na Wajapani porini, na mwili wake haukuonekana. Nimekua nikiisikia habari hiyo misibani, harusini, hata kwenye vikao vya kugawana mashamba, pale mtu anapotaka kutukumbusha kwamba damu yetu ilimwagika mbali. Kwa hiyo nilipoamua kumtafuta nilianzia Burma, na kwa muda mrefu Burma haikunipa kitu.

Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu ambao babu yao alivaa kofia ya Keya, akapanda meli, asirudi. Tuko wengi. Tanganyika peke yake ilitoa watu zaidi ya 80,000 katika Vita vya Pili vya Dunia. Vikosi vya King's African Rifles, ndiyo hiyo KAR ambayo wazee wanaiita Keya, vilipigana Ethiopia mwaka 1941, vikaenda Madagascar mwaka 1942, vikapelekwa Ceylon (sasa Sri Lanka) kwa mazoezi, kisha vikaingia Burma mwaka 1944. Askari angeweza kufia popote kati ya hapo, kwa risasi, kwa malaria, kwa lori kupinduka. Nyumbani iliyofika ilikuwa karatasi moja tu, au neno la mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, aliyetumwa kutoka bomani.

Mahali pa kwanza pa kwenda, na hapana gharama, ni orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Iko kwenye intaneti, inafunguka hata kwa simu. Waliofia Burma wasiwe na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye mnara uitwao Rangoon Memorial, ndani ya makaburi ya Taukkyan nje kidogo ya Yangon. Majina yaliyo pale ni karibu 27,000. Niliandika jina la baba yake Bibi kwa kila tahajia niliyoweza kufikiria, L mahali pa R, H mbele na bila H, jina la baba likitangulia na likifuata. Walitokea watu wenye majina yanayofanana na lake. Hakuna aliyelingana naye.

Nikasema basi nianzie kwenye kikosi. Hapa kuna jambo linalosaidia sana ukishalijua: katika batalioni nyingi za KAR zilizokwenda Burma, namba inakuonyesha askari walitoka nchi gani. Batalioni mama ya Tanganyika ilikuwa ya 6, na zilizozaliwa kutoka kwake wakati wa vita zikapewa namba zinazoishia na 6, yaani 26, 36 na 46. Zinazoishia na 4 asili yake Uganda, na 2 na 22 zilitoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Batalioni za 26 na 36 zilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyowafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, kuanzia Agosti 1944, njia ikiwa tope mpaka magotini na homa ikiangusha watu wengi, mpaka wakautwaa mji wa Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Ya 46 ilikwenda na brigedi nyingine.

Nyaraka za kila siku za vikosi hivyo zimehifadhiwa Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Uingereza, katika fungu la WO 172. Mtu niliyesoma naye, aliyekuwa masomoni kule, alinipigia picha kurasa kadhaa. Nilizisoma usiku kucha. Afisa akijikata kidole kwa kopo la nyama, jina lake utalikuta. Askari wa Kiafrika anatajwa kwa idadi: wameuawa watatu, wamejeruhiwa saba. Kama mnategemea kumkuta babu yenu humo kwa jina, jiandaeni kukasirika. Zinafaa kwa kujua kikosi kilikuwa wapi siku fulani, basi. Ila ni lazima kwanza uwe na hiyo siku, nami sikuwa nayo.

Ikabidi nirudi kwa Bibi.

Bibi sasa amepita miaka 80. Baba yake alipoondoka mara ya mwisho yeye alikuwa hajaota meno, kwa hiyo kila anachokijua alikipokea kwa mama yake. Mwanzoni nilikuwa namuuliza maswali ya kiofisi: mwaka gani, kikosi gani, cheo gani. Alikuwa ananijibu kwa adabu kama anavyomjibu karani wa sensa, na mambo yaleyale: Bama, Wajapani, porini. Siku nilipobadilisha swali mambo yakafunguka. Nilimwuliza, "Bibi, mama yako alikuwa analalamika nini kuhusu mume wake?"

Akacheka. "Kiburi," akasema. Alipokuja likizo mara ya mwisho alikuwa amebadilika. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Ukimsemesha upande wa kulia anatazama mbele kama hakusikii. Mama yake Bibi aliamini ni jeuri ya jeshini, na waligombana kwa hilo hata siku ya kuondoka. Ugomvi huo mjane alikaa nao mpaka anakufa.

Niliposikia hivyo nilimwomba arudie. Mtu mwenye miaka ishirini na kitu, mzima, ambaye sikio moja limekufa. Bunduki inaweza kufanya hivyo, lakini mzinga unafanya haraka zaidi.

Kulikuwa na karatasi moja pia. Nilikuwa nimeiona zamani nikaidharau kwa sababu haisomeki vizuri: kipande cha stakabadhi ya kupokelea fedha bomani, zile alizokuwa akikatwa kwenye mshahara ili mkewe alipwe huku. Bibi anaihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya watoto, imefungwa kwenye kitambaa cha kanga. Mende wamekula pembe yote ya kulia. Jina limepigwa kwa taipu, wino umekuwa wa kahawia. Chini yake namba ya jeshi, ila tarakimu ya mwisho imekwenda na mende. Pembeni herufi E.A.A., halafu tundu. Mama yangu siku zote alidhani baada ya tundu palikuwa na S na C, yaani kikosi cha usafirishaji, East African Army Service Corps, akatuambia babu alikuwa dereva. Ilikuwa dhana nzuri. Lakini E.A.A. inaweza pia kusimama bila kuongezewa kitu: East African Artillery, mizinga. Nikiweka herufi hizo pamoja na lile sikio, sikuona tena sababu ya kumtafuta kwenye batalioni za KAR hata kidogo.

Jambo la tatu alilonipa Bibi ni kuhusu fedha. Mama yake alikwenda kuchukua akaambiwa hakuna, arudi mwezi ujao. Akarudi, hakuna. Wakati huo masika yalikuwa bado hayajaanza kunyesha sawasawa. Karatasi ya kifo ilikuja baadaye sana, na eda akaikaa kuanzia siku hiyo ilipofika. Hapo ndipo hesabu ya ukoo wetu ilipoharibikia, maana kila mtu alihesabu tangu siku ya eda. Nawashauri mliangalie hili kwa makini: tarehe ambayo familia inaikumbuka mara nyingi ni ya habari kufika, na kati ya kifo na habari wakati wa vita ingeweza kupita miezi. Ulizeni fedha zilikoma lini. Fedha husimama mapema kuliko taarifa.

Nikarudi kwenye orodha ya Tume. Safari hii jina nililiacha kabisa. Nikachagua kikosi, East African Artillery, na mwaka, 1944, nikaanza kusoma kuanzia Januari.

Nilichokiona sikukitegemea. Wachache mwanzoni, tarehe tofauti tofauti, kama inavyokuwa kwa kikosi chochote. Kisha 12 Februari 1944. Wa pili, 12 Februari 1944. Ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne, tarehe ni hiyohiyo, na wote mnara mmoja: East Africa Memorial, Nairobi. Majina ya Kikamba, ya Kiganda, ya Kinyamwezi, ya Waislamu na ya Wakristo. Niliacha kusoma majina nikawa natembeza kidole tu.

Meli ilikuwa inaitwa Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mapema Februari ikiwa kwenye msafara wa meli tano za kubeba askari, zikielekea Colombo. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Regimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia wa Kiingereza na wauguzi wa kike wa jeshi. Mchana wa tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani namba I-27 iliipiga kwa topido mbili. Dakika mbili tu, meli imekwisha kwenda chini. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kujua kilichotokea.

Na waliobahatika kuelea hawakuwa wamepona. Nyambizi ilijificha chini yao. Manowari mbili za Kiingereza zilizokuwa zikilinda msafara, Petard na Paladin, zililazimika kuiwinda, na mabomu ya chini ya maji yakatupwa palepale watu walipokuwa wanaelea. Nyambizi ilizamishwa baada ya mapambano marefu. Waliokufa kwenye Khedive Ismail walikuwa 1,297. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake sita.

Baba yake Bibi nilimkuta katika orodha hiyo. Jina lake la kwanza sawa. Jina la baba yake lina L mahali ambapo sisi tunaandika R, jambo ambalo kwa mtu wa Tabora halina ajabu. Namba ya jeshi ni ileile ya kwenye stakabadhi, na sasa najua tarakimu waliyoila mende. Alikuwepo mwingine mwenye jina karibu sawa, siku hiyohiyo, meli hiyohiyo, ila namba yake iko mbali kabisa. Bila kile kipande cha karatasi ningeweza kumlilia mtu wa ukoo mwingine, na nisingejua mpaka leo. Majina yetu yanajirudia mno. Jina la mtu na la baba yake tu, bila namba, bila kijiji, bila jina la mke, msikubali kwamba mmempata. Kwenye orodha hiyo baadhi ya askari wa Kiafrika wameandikiwa "mtoto wa fulani, mume wa fulani, wa mahali fulani", na wengine wana jina na namba peke yake. Wa kwetu alikuwa wa kundi la pili.

Sasa Burma ilitoka wapi?

Hapa namwomba radhi babu mdogo, kaka mdogo wa Bibi kwa mama, kwa sababu habari hii inamgusa yeye. Mama yao alipomaliza eda na miaka kadhaa kupita aliolewa tena, na aliyemwoa alikuwa askari aliyerudi kutoka Burma, wa batalioni ya 36. Huyo ndiye aliyekuwa akisimulia jioni habari za Kabaw, matope, ruba wanaoingia viatuni, daraja refu walilolijenga wahandisi juu ya mto Chindwin pale Kalewa. Watoto wote walikua kwenye simulizi hizo, Bibi akiwemo. Na inasemekana mara nyingi aliulizwa kama alimwona mume wa kwanza wa mkewe kule, naye akijibu kwamba hakumwona, pori ni kubwa. Alisema kweli tupu. Lakini ukoo ukajaza: kama hakuonekana, basi alipotelea humohumo porini. Aliyekufa akavishwa vita ya aliye hai, na baada ya miaka hamsini hakuna aliyeweza kuzitenganisha.

Babu mdogo ana ushahidi wake, nao ni medali. Ni nyota ya shaba yenye ncha sita, imeandikwa The Burma Star, na utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati, buluu nzito kila upande, na ndani ya buluu mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Imetundikwa sebuleni kwake pembeni ya kalenda. Kila mgeni anaambiwa ni ya marehemu aliyefia Bama. Tabu ni kwamba nyota hizo za Vita vya Pili, tofauti na medali nyingi za Vita vya Kwanza, Waingereza walizigawa bila kuchonga jina la askari. Nimeigeuza nyuma, ni tupu. Haithibitishi ya nani. Na mtu aliyezama njiani mwezi wa pili, kabla hajakanyaga hata Ceylon, kwa vyovyote haikuwa yake. (Kwa hiyo pia, mtu akiwauzia mtandaoni "medali ya babu yenu", mwulizeni amejuaje.)

Nilikwenda Nairobi. Makaburi ya vita yako kando ya Ngong Road, yametunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, na mlinzi ana daftari lenye majina yanayokuonyesha ubao. Mnara wa East Africa Memorial uko humohumo ndani. Una majina ya waliokufa Ethiopia, Somalia na Madagascar wasipatiwe kaburi, na hao wa meli. Yupo pia Sajini Nigel Leakey, wa batalioni ya 6 yetu ya Tanganyika, aliyepewa Victoria Cross, nishani kubwa kabisa ya ushujaa ya Waingereza, kwa alichofanya Ethiopia mwaka 1941. Wa kwetu hana historia ndefu kama hiyo. Nilitaka kulipiga picha jina lake na simu, jua likawa linarudi kwenye ubao, ikanibidi nivue koti nikinge jua, na mtoto wa mlinzi akakubali kunipigia. Herufi ile ya L inasomeka wazi kabisa.

Nikiwa pale nilifikiria watu wa vita ya kabla ya hiyo. Kama babu yako alikufa 1914 hadi 1918, hasa kama alikuwa mpagazi, huenda usipate hata huo ubao. Tume yenyewe ilitoa ripoti mwaka 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Pale Nairobi na Dar es Salaam wana sanamu za askari zenye maneno ya kuwasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Mikono hiyo haikupewa majina. Kwa hao njia nzuri iliyobaki ni wazee na misikiti na makanisa, na hao wazee kila mwaka wanapungua.

Niliporudi tulikaa kikao nyumbani kwa Bibi. Nilieleza taratibu, nikaonyesha picha, nikasoma namba ya stakabadhi na ya kwenye orodha, tarakimu kwa tarakimu. Bibi hakulia kama nilivyoogopa. Aliuliza maji ya kule ni ya baridi au ya moto. Nikamwambia ya moto, ni karibu na ikweta. Akasema afadhali. Halafu akasema, "Kumbe hakuwa na kiburi. Mama angejua."

Babu mdogo alikuwa kimya muda wote, kisha akauliza, "Kwa hiyo ile nyota ni ya nani?"

"Ya baba yako, babu," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyepigana Burma na akarudi."

Hakufurahi. Nadhani kwake baba aliyekuwa akilima tumbaku na kukohoa usiku hakuwa na sura ya mwenye nyota. Akasema vitabu vya Wazungu vimekosea mara ngapi, na kama wameweza kukosea R na L wameshindwaje kukosea bahari na pori. Mama yangu akataka kucheka akajizuia.

Tume inapokea masahihisho ukiwa na vielelezo, kwa hiyo tulianza kuandika maombi palepale: herufi irekebishwe, kijiji kiongezwe, majina ya wazazi, na jina la mke. Tulipofika kwenye mke, babu mdogo akanyoosha mkono. "Hapo hapana," akasema. "Mama alikufa akiwa mke wa baba yangu, na kaburi lake liko kwetu."

Bibi akamgeukia. "Mdogo wangu, wewe mwaka 1944 ulikuwa wapi?"

Nikaandika jina la mama yao, nikaendelea na kijiji.